Njia ya Vyungu: Safari za Majini Kutoka Matema

Mgeni akishuka Matema siku hizi, kabla hata hajapata chumba, ataulizia mtumbwi wa kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi. Huko Norway na Iceland watu hulipa fedha nyingi kupanda boti asubuhi ili wawaone nyangumi wakiibuka majini. Ziwa Nyasa halina nyangumi. Anayekuja kwetu hulipa nauli, akakaa kwenye ubao wa mtumbwi, akapelekwa chini ya Milima ya Livingstone kumtazama mama akifinyanga chungu.

Mimi ni mjukuu wa mmoja wa akina mama hao. Bibi mzaa mama alikuwa Mkisi, alifinyanga mpaka mikono ilipokataa, na ujana wake wote alivuka maji haya na mzigo wake. Nikisoma historia ya ziwa letu nakutana na meli za moshi, makamanda na mizinga. Yeye simkuti. Lakini njia wanayopitishwa wageni leo ni njia yake, na ilikuwapo kabla ya meli ya kwanza.

Anayetaka kuelewa aiangalie nchi ilivyokaa. Kyela, wilaya yetu, ni bonde tambarare, lenye mvua kama sehemu chache sana za Tanzania. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka na rutuba ya milimani na kuimwaga humo, ndiyo maana mchele wa Kyela unajulikana hadi Dar es Salaam, pamoja na ndizi na kakao. Lakini ukiufikia mwisho wa mchanga wa Matema, bonde linakatika ghafla. Milima inapanda moja kwa moja kutoka majini hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakisi wanaishi kwenye vipande vyembamba vya ardhi kati ya mwamba na wimbi. Hapo mpunga haulimiki. Wanapanda mihogo kwenye miteremko, wanavua, na wana udongo mfinyanzi. Wanyakyusa wa bondeni walikuwa na nafaka, maharage na maziwa, ila chungu kizuri cha kupikia walikitafuta kwa Wakisi. Mtumbwi ukawa soko linalotembea.

Kazi yenyewe nimeikalia karibu tangu utotoni. Udongo unatwangwa na kukandwa hadi punje zote ziishe, kisha bonge linakalishwa juu ya kigae kilichopinda. Mama anakizungusha kigae kwa mkono mmoja na kuvuta ukuta wa chungu kwa mkono wa pili, taratibu, bila gurudumu wala mashine. Chungu kikianza kukauka, hulainishwa kwa kokoto ya ziwani. Kokoto hiyo si kitu cha kuokota na kutupa. Bibi alikuwa na yake, nyeusi, imelika upande mmoja, na mtoto aliyeigusa bila ruhusa aliambiwa maneno. Halafu kinapakwa udongo mwekundu, kinachorwa mistari ya udongo mweupe, na vyungu vinachomwa pamoja uwanjani, kwenye kuni na nyasi.

Ikabaki kazi ya kuvipakia, na hapo ndipo nilipoona akili ya wale akina mama. Vikubwa vilitangulia chini, vidogo vikaingizwa ndani yake, na kila penye kugusana pakajazwa majani makavu ya migomba. Mzigo ulipanda juu kuliko kingo za mtumbwi. Kwa hiyo waliondoka usiku, ziwa likiwa limelala, ili wawe wamefika kabla upepo haujaamka. Miezi ya Juni hadi Agosti, kusi linapovuma kutoka upande wa Malawi, wimbi hulipata ziwa lote la kilomita zaidi ya 500 la kukusanyia nguvu, na sisi wa kaskazini ndio tunaopokea mwisho wake. Bibi alisema mtumbwi ukipata wimbi la ubavuni, hakuna aliyeuliza ni chungu cha nani kinachotupwa kwanza. Walifuata ukingo hadi Mwaya na kwenye midomo ya mito, na wengine hadi upande wa Karonga, katika Malawi ya leo. Walirudi na nafaka.

Meli ya kwanza ya moshi kuelea katika ziwa hili ilikuwa Ilala ya wamisionari wa Kiskoti, mwaka 1875. Ilibebwa vipande vipande na wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire. E. D. Young aliyeiongoza alilizunguka ziwa, akaiona milima yetu na kuiita Livingstone, jina la mtu aliyekuwa amekufa miaka miwili nyuma bila kufika kwenye miguu ya milima hiyo. Jina limebaki, na sina ugomvi nalo, ila chini ya milima hiyo siku hiyo kulikuwa na vijiji na moshi wa vyungu.

Livingstone mwenyewe aliona ajabu nyingine ya maji haya alipopita ufuko wa magharibi mwaka 1861: mawingu ya kungu. Ni vijidudu vinavyoishi ziwani vikiwa viluwiluwi, kisha huibuka kwa wakati mmoja na kupanda angani kama nguzo za moshi. Ukiwa botini unaziona kwa mbali, tatu au nne, zikisimama juu ya maji na kujipinda na upepo. Wingu likikupitia, unafumba macho na mdomo na kungoja. Watu wa mwambao huvikusanya vijidudu hivyo, wakavikandamiza na kufanya mikate ya kula, na Livingstone aliionja. Kama mgeni amekuja kutafuta kitu cha kushangaza majini, namwombea aione siku ya kungu.

Wajerumani walikuja na chuma chao mwaka 1893. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilijengwa kwa fedha zilizochangishwa kwa bahati nasibu ya kupinga biashara ya utumwa, nayo ikapanda Zambezi na Shire kwa vipande. Makao yao waliyaweka Langenburg, mahali panapoitwa Lumbila leo, upande huo huo wa Wakisi, kabla hawajahamia juu Tukuyu. Wamisionari wa Berlin nao walikuwa na kituo Ikombe katika miaka hiyo. Ghafla ufuko ambao dola haikuujali ukawa na bendera na ushuru.

Kisha vita. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, yaani Liuli, ikaipiga mzinga. Nahodha Berndt wa Wajerumani alikuwa hajasikia kwamba kuna vita, naye na Rhoades walikuwa wakinywa pamoja siku za amani. Waingereza wanapenda kuisimulia habari hiyo kwa kicheko. Mimi siwezi kucheka nayo. Wiki nne baadaye, tarehe 9 Septemba, watu waliuana Karonga, na iliyofuata ni miaka ya wapagazi kukamatwa vijijini pande zote mbili za Songwe, kubebeshwa risasi na chakula, na wengi kutorudi. Majina ya manahodha wawili yamehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Ya wapagazi yako wapi?

Ziwa lenyewe halikuchagua upande. Tarehe 30 Julai 1946, kusi likiwa kali, meli ya abiria Vipya ilizama upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na watu 145 wakafa. Ilikuwa meli ya chuma, ikiwa na umri wa miaka michache tu. Wazee wa Matema wanapomkataza mgeni asiondoke mchana mwezi wa Julai, si kwamba wanataka alale usiku mwingine alipe tena.

Baada ya uhuru tulizizoea MV Songea na MV Iringa, zilizotoka bandari ya Itungi kwenda Mbamba Bay kwa kugusa Lupingu, Manda na Liuli. Kwa vijiji visivyo na barabara, meli ilikuwa hospitali, duka na posta, na ikichelewa, chumvi iliadimika. Mchanga wa mito umeisumbua Itungi miaka yote. Mamlaka ya Bandari imeleta meli mpya: mwaka 2017 MV Njombe na MV Ruvuma, za tani 1,000 za shehena kila moja, na mwaka 2021 ikazinduliwa MV Mbeya II ya abiria 200. Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema nayo imepata lami, na vyungu vinapakiwa kwenye malori kwenda Mbeya na mbali zaidi.

Ila kutoka Ikombe hadi Lyulilo, penye soko la Jumamosi, vyungu bado vinakuja kwa mtumbwi. Mgeni akiniuliza afanyeje, namwambia alale Matema Ijumaa, na alfajiri awe Lyulilo mizigo ikishushwa. Jumapili ibada ikiisha, aombe kupelekwa Ikombe, akubali kukaa chini ya mwembe saa nzima bila kamera mkononi, anunue chungu kutoka mkono uliokifinyanga, na amuulize mama huyo jina lake, na jina la aliyemfundisha.