Chui, Kima na Popo: Maneno ya Wimbo wa Mtoto Visiwani

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, chui wa Unguja walisakwa kisiwa kizima. Msako huo uliongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na ulikuwa na shabaha mbili zilizofungamana: kuwafichua wachawi, na kuwaua chui ambao wachawi hao waliaminiwa kuwafuga na kuwatuma kudhuru watu na mifugo. Martin Walsh na Helle Goldman, watafiti waliofuatilia habari hii kwa miaka mingi, wameonyesha jinsi imani ya chui wa kufugwa ilivyokita mizizi vijijini. Uwindaji uliendelea hata baada ya Kitanzi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wengi walikwisha kumhesabu chui wa Unguja kuwa ametoweka.

Naanza na chui kwa sababu mjadala wetu kuhusu kuwafundisha watoto wadogo wanyama wa kwao na urithi wa kwao kwa njia ya nyimbo umekuwa mwepesi kupita kiasi. Husemwa: turudishe nyimbo za wazee, na mtoto atakua akiyapenda mazingira yake. Lakini imani iliyommaliza chui nayo ni urithi. Ilitoka kwa wazee, ikaingia masikioni mwa watoto, ikazaa watu wazima walioshika silaha wakiwa na dhamiri safi. Hoja yangu ni kwamba wimbo ni chombo chenye nguvu kweli, na kwa sababu hiyo hiyo maneno yake yapimwe kwa ukali uleule tunaoutumia kupima kitabu cha kiada. Je, yanasema kweli juu ya mnyama? Na mnyama huyo yupo pale mtoto anapoishi?

Kwamba wimbo hukaa kichwani si jambo la kubishaniwa pwani. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alisifika duniani kwa taarabu, lakini nyumbani alikuwa pia mwalimu wa unyago, na katika unyago wimbo, ngoma na mafumbo ndiyo mtaala wenyewe. Saikolojia ya kumbukumbu inaongeza jambo ambalo walimu wa awali wangefaidika kulijua. Utafiti wa Wanda Wallace wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa lahani humsaidia msikilizaji kukumbuka maneno pale inaporudiwa ubeti baada ya ubeti. Ubeti mmoja ukisikika peke yake, faida hiyo haionekani. Hapa wimbo wa mchezo wa watoto, wenye lahani fupi inayozunguka na kiitikio kisichobadilika, una ubora ambao wimbo wa kutungiwa mgeni rasmi hauna. Mgeni rasmi hufurahi siku moja. Mchezo wa ukuti huchezwa kila jioni.

Uwezo wa watoto kukusanya majina nao ni mkubwa kuliko tunavyowakadiria. Mwaka 2002 Andrew Balmford na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi Uingereza: watoto wa miaka minane na zaidi waliwatambua viumbe wa kubuniwa wa Pokémon vizuri zaidi kuliko wanyama na mimea ya nchi yao. Akili zilikuwa tayari kubeba majina mengi, zikabebeshwa yale yaliyoletwa na soko. Visiwani hali haiko mbali na hiyo. Si ajabu kumsikia mtoto wa Chwaka akiimba simba, twiga na tembo, wanyama wa bara ambao hatakutana nao njiani hata siku moja, na asiwe na hata mstari mmoja juu ya kima punju anayeruka juu ya paa la jirani.

Kima punju anastahili wimbo kuliko simba wote wa vitabuni. Ni Unguja ndiko kwao, na popote pengine duniani hapatikani kiasili. Sensa iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko makadirio ya awali, na baadhi yao huishi nje ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, katika vichaka na mashamba ya watu. Mkono wake hauna gumba la kushikia. Limebaki alama tu. Hula majani machanga, yakiwemo ya miembe na mikungu yenye kemikali zinazoweza kumdhuru, na wale wanaoishi karibu na mashamba wameonekana wakiokota na kula mkaa kwenye matanuri ya kuchomea, tabia ambayo watafiti wanaieleza kuwa ni njia ya kufyonza sumu hizo tumboni. Ni mtoto gani wa miaka mitano atakayesahau mnyama anayekula mkaa?

Mfano wa ninachokisema ni huu, nilioutunga kwa muundo wa kuulizana na kujibizana ambao watoto wetu wanaujua bila kufundishwa:

Nani huyo mtini? — Kima!
Gumba lake li wapi? — Hana!
Akisha majani ala nini? — Mkaa!

Kwenye mstari wa pili watoto wanaficha gumba ndani ya kiganja na kujaribu kushika kijiti kwa vidole vinne. Hapo somo limeingia mkononi. Mwanabiolojia atanikumbusha kwamba baki la gumba lipo. Kwa mtoto wa chekechea jibu hili linatosha, na halimpotoshi. Lakini singekubali mstari unaosema kima huua miti. Wapo wakulima walioamini kwamba mti anaoula kima hunyauka, na malalamiko juu ya nazi changa yalikuwa makubwa hata watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker wakayapima mashambani. Matokeo yao ya 1999 yalionyesha kwamba ulaji wa nazi changa haukupunguza mavuno; ulikwenda sambamba na mavuno mazuri zaidi, labda kwa sababu mnazi hupunguziwa mzigo. Imani ile ni sehemu ya historia yetu na ihifadhiwe katika vitabu vya historia. Kinywani mwa mtoto haina kazi.

Pemba inatupa upande wa pili wa urithi. Popo wa Pemba, mla matunda mkubwa asiyepatikana kisiwa kingine, alikuwa akiwindwa kwa nyama na kupoteza miti yake hadi mwaka 1996 akaorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Leo wanahesabiwa kwa maelfu, na hesabu zimepita 20,000. Mafanikio hayo yalitokana na vikundi vya wanavijiji, elimu mashuleni, na mapato ya wageni kama wale wanaofika Kidike. Lakini baadhi ya makundi ya popo yalinusurika kwa sababu yalilala kwenye misitu ya makaburi, ambako mila imekataza kukata miti tangu zamani. Hapo mila na elimu ya viumbe zilishikana mkono, na hapo ndipo mtungaji wa nyimbo za watoto achote: makaburi ya wazee, mti usiokatwa, popo anayetoka magharibi inapoingia na kutawanya mbegu za matunda aliyokula.

Kuna watakaouliza kama wazazi wa pwani watakubali nyimbo katika malezi ya dini. Swali hilo lilikwisha kujibiwa kwa vitendo. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan na juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda, ulifundisha Kurani, hadithi, michezo na nyimbo za Kiswahili chini ya paa moja, kwa vifaa vinavyookotwa kijijini. Wazazi walipeleka watoto.

Kinachokosekana ni utaratibu wa kutunga na kuhakiki. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tunafundisha walimu, basi kazi hii ni yetu. Kila mwanachuo wa ualimu wa awali anayekwenda mazoezi ya kufundisha aagizwe kurudi na nyimbo za michezo za kijiji alichopangiwa, zenye lahaja yake, lahani yake iliyorekodiwa na maelezo ya mchezo wenyewe. Aulize pia wanyama na ndege wa hapo wanaitwaje, na watu wanasema nini juu yao, zuri na baya. Tungo mpya zitakazotokana na mkusanyo huo zisomwe na watu wawili kabla ya kuingia darasani: mzee anayeujua mchezo, na mtaalamu anayemjua mnyama. Gharama yake ni ndogo. Idara zetu za elimu zikutane na maofisa wa misitu na hifadhi, na kazi ianze katika muhula ujao wa mazoezi.