Alipigwa na Nani?

Karibu na Top Market, hapa Nakuru, kuna kijana anayeuza vichezeo vya mitumba. Hutandika turubai la buluu, akafungua robota, akamwaga. Vilivyo vizima na vyenye rangi kamili hupangwa mbele; hivyo wenye kazi huviita kamera, maana ndivyo vya daraja la kwanza. Vinavyosalia, vilivyochubuka au kuvunjika miguu, ni fagia. Mimi huchutama kwenye fagia. Huu ni mwaka wa sita nikidunduliza mashujaa wa sinema wa plastiki, na nasema kudunduliza kwa makusudi. Kodi hukusanywa, takataka hukusanywa. Kinachodundulizwa huja kimoja kimoja, kwa subira.

Jumamosi moja mvulana wa miaka kama saba aliokota Black Panther asiye na mkono wa kulia.

"Anko, huyu ni pesa ngapi?"

"Hiyo imekosa mkono. Leta hamsini."

Mtoto hakuisikia hata hiyo bei. Alilitazama lile tundu la bega, akauliza, "Alipigwa na nani?"

Imekosa. Alipigwa. Kitu ni kimoja, lakini mmoja anauza bidhaa na mwingine ameshika majeruhi. Tofauti yote imo katika kiambishi kimoja, na tangu siku ile nimeshindwa kuandika neno lolote juu ya vitu hivi bila kujiuliza nitakipatanisha vipi.

Kiingereza nacho kiliwahi kuhangaika hapa. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, askari wa inchi 12 mwenye sehemu 21 zinazosogea, na nguo za kumvua na kumvisha. Kwa kipimo chochote huyo alikuwa mwanasesere. Lakini kampuni ilijua wavulana hawatataka kuonekana na mwanasesere, wala baba zao hawatawanunulia. Likabuniwa jina jipya lenye maana ya umbo la vitendo, na lile la zamani likafukuzwa. Jina linalotumiwa na wadundulizaji wa dunia nzima lilizaliwa kwa kulikimbia jina jingine.

Kisha jambo lenyewe likafika mahakamani. Toy Biz, iliyokuwa ikitengeneza mashujaa wa Marvel, ilibishana na serikali ya Marekani kuhusu ushuru wa forodha. Mwanasesere alitozwa asilimia 12, vichezeo vingine asilimia 6.8, na kwa sheria ile mwanasesere ni umbo la binadamu peke yake. Mwaka 2003 jaji aliamua kwamba X-Men si binadamu: wana makucha, wana mabawa, basi ni vichezeo vingine. Kampuni ikapata nafuu yake. Waliokua wakizisoma hadithi za X-Men waliumia, kwa kuwa hadithi zenyewe tangu mwanzo zinawatetea hao hao, kwamba ni watu.

Jaji angekuwa msemaji wa Kiswahili, kesi ingeanzia kwenye ngeli. Tazama majina tuliyo nayo. Sanamu imevunjika. Kinyago kimevunjika. Mdoli umevunjika. Mwanasesere amevunjika. Katika manne hayo ni moja tu linalompa yule aliye mkononi pumzi, nalo ndilo lile lililokimbiwa na Hasbro. Wala lugha yetu haigawi uhai kwa kufuata sayansi. Marehemu amezikwa, maiti imezikwa, na mwili uliomo jenezani ni ule ule. Malaika anashuka, jini anapanda kichwani, lakini zimwi, hata likiwa linakujua, hupatanishwa kwa li. Ndiyo maana Hulk akigeuka hatusemi anakuja. Tunasema jitu linakuja, na mtoto yeyote huelewa akimbie upande gani.

Shujaa mwenyewe ana jina lake la mtaani. Katika vibanda vya video huitwa steringi, neno lililookotwa kwenye mabango ya sinema, pale linapochapishwa kabla ya majina ya waigizaji. Watazamaji waliolisoma walidhani, kwa haki kabisa, kwamba ndiyo sifa ya mtu anayefuata. Steringi hafi, hiyo ni sheria, na DJ Afro amewalea watu wengi katika sheria hiyo kwa kuwasimulia filamu za kigeni kana kwamba zilitokea kwao. Nalipenda neno steringi kuliko shujaa mkuu la watafsiri. Shujaa tayari ni mkuu.

Vifaa vyao havinisumbui hata kidogo. Hapo Kiswahili ni tajiri. Kitambaa cha mgongoni cha Superman ni joho, vazi la waheshimiwa wa pwani na la wahitimu siku ya mahafali. Kinachofunika uso wa Batman ni barakoa, neno lililovaliwa na wanawake wa Unguja na Omani kwa vizazi kabla ya mwaka 2020 kumvalisha kila abiria wa matatu. Kofia ya chuma ni chapeo, urithi wetu kutoka kwa Wareno. Vazi la Iron Man ni dirii. Aliyewahi kusikia mahubiri ya sura ya sita ya Waefeso amekwisha kuipokea seti nzima: dirii, ngao, chapeo na upanga.

Pagumu ni kwa Nakia. Mwaka 2018, wakati Black Panther ilipofika Kisumu kwa shangwe kwa ajili ya Lupita Nyong'o aliyemwigiza, Hasbro ilimtoa Nakia wa inchi 6 akiwa na silaha zake za mviringo. Naziita pete za makali, na sina hakika nazo bado. Katika toleo hilo hilo mwili wa Okoye ulitawanywa vipande katika maboksi ya wenzake, ili atakaye Okoye awanunue wote. Mimi nimempata kiwiliwili na mguu mmoja, kwenye fagia, kwa miezi tofauti. Namuungaunga.

Neno linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni bandia. Kamusi za zamani zinalifasiri kuwa mwanasesere wa matambara, mtoto wa kuchezea. Kutoka hapo likahamia kwenye meno, nywele na noti. Kila ninapomgeuza shujaa na kutafuta chapa chini ya wayo, nijue kama ni wa Hasbro au ni bandia, nalitumia kama tusi jina la mtoto ambaye msichana fulani alimfunga kwa kitambaa, akambeba mgongoni, akamwimbia alale.

Yule muuzaji hakumjibu mtoto alipigwa na nani. Aliingiza mkono ndani ya fagia, akapekua mpaka chini, akatoka na mkono mmoja, mwekundu, wa Iron Man. Akajaribu kuupachika, ukagoma. Kijiti chake kilikuwa kinene kuliko tundu. Akafungua chupa yake ya chai ya strungi, akamimina kikombe, akalichovya bega lililo tupu ndani ya chai ile na kulishikilia humo huku akihesabu kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Plastiki ikalainika. Akasukuma, ukalia kama kidole kinavyoalika, akauzungusha juu na chini.

"Amepona," akasema, akampa mtoto kwa mikono miwili.