Wawili Wawili: Historia Fupi ya Studio Ijambo

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1995, wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa Oktoba 1993, na tangu hapo mitaa ya Bujumbura ilikuwa ikigawanyika kikabila mmoja baada ya mwingine. Uvumi ulifika kabla ya habari, na mara nyingi uliua kabla habari haijafika.

Studio Ijambo ilizaliwa mwaka huohuo. Iliasisiwa na shirika la Kimarekani, Search for Common Ground, na aliyeiunda ni mwandishi wa habari Bryan Rich. Haikuwa kituo cha redio. Ilitengeneza vipindi, kisha vikarushwa na redio ya taifa, na baadaye na redio binafsi zilizofuata.

Ili kuelewa kwa nini ilihitajika, tuangalie ilikuwa ikishindana na nini. Huko Rwanda, kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mwaka uliofuata kilisoma hewani majina ya watu wa kuuawa. Kutoka upande wa Zaire, Radio Rutomorangingo iliwafikia Warundi kwa Kirundi. Mjini Bujumbura kwenyewe, magazeti ya pande zote mbili yalichochea chuki waziwazi.

Mwanahistoria Mfaransa Jean-Pierre Chrétien, aliyewahi kufundisha Bujumbura miaka ya 1960, aliuchambua uchochezi wa vyombo vya habari vya Rwanda pamoja na wenzake katika kitabu kilichotoka 1995. Aliona undugu wa uchochezi huo na chuki dhidi ya Wayahudi barani Ulaya. Novemba 1990 gazeti la Kangura la Rwanda lilichapisha waraka uliodaiwa kuandikwa Kivu mwaka 1962, eti mpango wa siri wa Watutsi kuitawala Afrika ya Kati. Anayeijua hati ya kughushi iliyochapishwa Urusi mwaka 1903, eti mpango wa Wayahudi kuitawala dunia, ataitambua mbinu hiyo mara moja. Jirani unayekutana naye kisimani anageuzwa kuwa askari wa jeshi lisiloonekana. Ukishaamini hivyo, kumuua unakuita kujilinda. Wachochezi walikuwa na kanuni nyingine pia: mshutumu mwenzako kwa jambo lilelile unalopanga kumtendea.

Mwanasosholojia Leo Löwenthal na mwenzake Norbert Guterman walikuwa wamewachunguza wachochezi wa Marekani katika kitabu cha 1949, wakaonyesha kwamba mchochezi huchukua dhiki halisi ya watu, kisha akaipa sura ya adui. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye nguvu ya Studio Ijambo: haikukana hofu ya msikilizaji, ilimnyima mchochezi nafasi ya kuitumia.

Ilifanya hivyo kwa utaratibu mmoja rahisi kuueleza na mgumu mno kuutekeleza. Waandishi walikwenda wawili wawili, Mhutu na Mtutsi, mahali palipomwagika damu. Mmoja aliweza kuingia mtaa ambao mwenzake asingetoka salama, na mwingine vivyo hivyo kwingineko. Waliyoyasikia waliyalinganisha, na habari ilitoka baada ya wote wawili kuridhika nayo. Waliitwa wasaliti na watu wa makabila yao wenyewe, lakini wakaendelea.

Mwaka 1997 ukaja mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Mchezo ulidumu miaka mingi, watu wakiufuatilia mijini na vilimani. Kipindi cha Inkingi y'Ubuntu nacho kiliwapa nafasi watu waliookoa maisha ya wale wa kabila jingine. Hicho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu uchochezi husimama juu ya dai kwamba watu wa namna hiyo hawapo.

Matunda yake yalitoka nje ya studio. Alexis Sinduhije, aliyekuwa mmoja wa waandishi wake, alianzisha redio ya RPA mwaka 2001. Mwaka uliofuata wanahabari wa studio wakaanzisha Radio Isanganiro. Wachochezi wa Rwanda nao walifikiwa na sheria: Desemba 2003, mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa RTLM na Kangura, na katika hukumu yake ikarejelea kesi ya Julius Streicher, mhariri wa gazeti la Kinazi aliyenyongwa Nuremberg mwaka 1946. Nchini Burundi, Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, RPA na Isanganiro zilinyamazishwa. Isanganiro ilirudi hewani Februari 2016.

Tangu studio izaliwe, miaka 30 imeshapita. Wanafunzi wa sosholojia wa Mutanga, kazi hii inawahusu kwanza ninyi. Watafuteni waandishi wale na waigizaji wale wakiwa bado hai, warekodini, na muifanye historia hii kuwa somo la chuo chenu.