Fahamu Uponaji Baada ya Upasuaji wa Kope na Dalili za Hatari

Upasuaji wa kope kwa ajili ya urembo huondoa ngozi iliyolegea, na wakati mwingine mafuta, katika kope za juu au za chini. Siku chache baadaye, wengi hushtuka kuona jicho moja limekuwa dogo kuliko jingine. Mara nyingi hali hiyo ni sehemu ya uponaji, lakini zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiriwa.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine zote za mwili, hivyo huvimba upesi na kuvilia damu. Uvimbe huo aghalabu haulingani pande zote mbili. Kwa kawaida nyuzi zisizoyeyuka huondolewa baada ya siku 5 hadi 7, na sehemu kubwa ya uvimbe hupungua ndani ya wiki 2. Kovu huendelea kufifia kwa miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo, madaktari wengi husubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kuamua kurudia upasuaji wa kurekebisha tofauti iliyobaki. Aidha, macho ya watu wengi hayakulingana tangu awali. Picha zilizopigwa kabla ya upasuaji husaidia kubainisha jambo hilo.

Mgonjwa awahi hospitali mara moja anapopata maumivu makali, uvimbe wa ghafla wa upande mmoja, jicho kutokeza nje au uoni kufifia, hasa katika saa 24 za kwanza. Damu inayovuja nyuma ya jicho hubana neva ya kuonea na inaweza kusababisha upofu wa kudumu. Homa, usaha, au jicho lisilofumba kikamilifu na kukauka navyo vinahitaji kuonwa na daktari bila kuchelewa.

Katika siku za mwanzo, mgonjwa anashauriwa kulala akiwa ameinua kichwa, kukanda kwa kitambaa baridi na safi, kutosugua macho, kutobeba mizigo mizito na kutovuta sigara. Asiweke katika jicho dawa yoyote ambayo hakuandikiwa.

Kabla ya kukubali upasuaji huu, mwananchi wa Tanzania Bara ajiridhishe kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na aulize mapema ni nani atakayemhudumia usiku iwapo dharura itatokea.