Mwiko Ulikuwepo Kabla ya Twiga

Jumamosi iliyopita nilikuwa nauza miko kwa soko moja la wikendi hapa Nairobi. Jamaa mmoja wa miwani na maneno mengi akachukua mwiko, akaugeuzageuza, akaniambia, "Lakini nyinyi Wakamba kuchonga mliiga Tanzania. Hii ni biashara ya watalii tu, si utamaduni." Akaurudisha mezani. Hakununua hata kijiko.

Ilinikaa kwa roho, kwa sababu nusu ya hayo maneno ni kweli.

Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Mwingereza alibeba maelfu ya vijana wa Kenya akawapeleka kusini kwa vita vyake na Mjerumani. Wengi hawakushika bunduki, walibebeshwa mizigo. Jina Kariokor hapa Nairobi limetokana na hao wapagazi, na Kariakoo ya Dar vilevile. Miongoni mwa Wakamba waliofika huko enzi hizo za vita alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Machakos. Akaona Wazaramo wakichonga mpingo, akajifunza. Kurudi nyumbani akaanza kuchonga vitu vya kuuzia Wazungu. Familia ikafuata, majirani wakafuata, kijiji kizima kikafuata. Kufika 1963 Wakamba wachongaji walikuwa wameanzisha ushirika wao Changamwe, Mombasa. Twiga, simba, Mmasai na mkuki wake, hiyo yote ni ya baada ya vita. Hapo jamaa wa miwani amenishika.

Na hata hivyo, mtu aende vitani arudi na ujuzi? Mimi sioni aibu hapo.

Sasa mwiko. Kabla ya huyo Mzungu na vita vyake, Wakamba walichonga viti vya wazee vya miguu mitatu, vimepambwa kwa waya. Walichonga mizinga ya nyuki. Walichonga vinu, na wewe niambie muthokoi utaukoboa na nini bila kinu? Hatukungoja 1914 ndio tule.

Hata kwa karakana yetu ilikuwa hivyo hivyo. Babu alichonga twiga wa kuuzwa. Miko ilitoka kwa mabaki, akampa Susu, nyanya yangu, na hakuna mtu aliyeihesabu kama kazi. Halafu 2020 ikaja, ndege zikalala, na twiga wakakaa kwa magunia wakikula vumbi. Mwaka huo huo mimi nilitoka chuo, karo imenishinda, nikarudi Wamunyu na begi moja. Kilichotulisha ni miko. Mama wa hoteli haangalii kama watalii wamekuja, ugali lazima usongwe.

Babu akanifundisha. Zamani walitumia mpingo na muhugu, lakini hiyo miti imekatwa sana, siku hizi sisi ni mwembe na mwarobaini. Unapasua gogo likiwa bado bichi, unalipa umbo kwa tezo, halafu unaweka kivulini, si juani, kwa sababu jua litapasua kila kitu. Mti wa kusukumia chapati ndio tunakereza kwa mashine, mota moja kuukuu inayopiga kelele kama posho mill. Mwisho ni msasa. (Msasa, kwa taarifa yako, ni mti. Majani yake yanakwaruza, watu walisugulia mbao kabla ya ile karatasi ya dukani kurithi jina.)

Mwiko wangu wa kwanza ulipasuka katikati. Niliuacha juani, kichwa ngumu. Wa pili uko jikoni kwa Susu, umening'inizwa ukutani. Hautumii. Anasema umelemea upande mmoja, na nikiushika naona ni kweli.