Kutoka mkanda wa deki hadi MP4: video za harusi za Kilimanjaro zitadumu?

Desemba ikifika, Wachaga hurejea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Harusi na vipaimara hufuatana, na mpiga video hakosekani. Familia nyingi humlipa bila kuuliza kama video hiyo itafunguka miaka 20 ijayo.

Kabla ya televisheni ya ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, kuanza mwaka 1994, wenye deki walitazama mikanda ya VHS, fomati iliyotolewa na JVC ya Japani mwaka 1976. Mkanda ulichakaa kwa kuchezwa, na unyevu wa vijiji vya mlimani uliuotesha ukungu. Kampuni ya Funai, ya mwisho kutengeneza deki hizo, iliacha Julai 2016. Leo mkanda unaweza kuwa mzima kabatini, deki ya kuuchezea ikawa haipatikani.

Baada ya mkanda ikaja diski ya VCD, iliyobuniwa mwaka 1993. Diski moja ilibeba dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu ndefu ilihitaji diski mbili. Ikafuata DVD, yenye picha safi zaidi, na hizo mbili ndizo zilizosambaza filamu za waigizaji kama Steven Kanumba. Kisha zikaja flashi na memori kadi, pamoja na faili za AVI, 3GP na MP4.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. MP4 ni gunia tu. Ukiliona kwa nje hujui kama ndani mna kahawa au mahindi. Kinachobana picha ndani yake huitwa kodeki: inaweza kuwa H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya 2013 au AV1 ya 2018. Ukichomeka flashi kwenye televisheni ya zamani, sauti ikasikika na picha isionekane, mara nyingi faili haijaharibika. Televisheni haiijui kodeki hiyo.

H.265 hupunguza faili hadi karibu nusu ya H.264 kwa ubora uleule. Hiyo ni nafuu kubwa kwa anayetumia bando. Lakini H.264 ndiyo inayosomwa na karibu kila simu, kompyuta na televisheni.

Kwa hiyo, nakala ya kutazama na kugawia ndugu iwe MP4 yenye H.264. Mwombe mpiga video pia faili halisi za kamera, kwa kuwa kila ukiibana upya video hupoteza ubora, na iliyopitia WhatsApp imeshabanwa. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Mikanda ya VHS isisubiri. Wazee wengi waliotoa baraka kwenye harusi za miaka ya 1990 wametangulia, na hakuna atakayewarekodi tena. Ipelekeni kwa fundi mwaka huu, angali ana deki inayofanya kazi.