Herufi za Vitabu vya Skuli

Tazameni herufi za kitabu mlichoshika. Ziligombewa hizo!

Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka uliandikwa hivyo mwaka 1728. Padri Krapf, katika kitabu chake cha 1850, alitaka herufi za Kizungu, akihofu kwamba za Kiarabu zitaufungulia Uislamu mlango wa bara. Serikali ya Kiingereza nayo ikatia za Kizungu katika vitabu vya skuli. Wazazi wengi wa Unguja na Pemba wakazishuku skuli hizo, wakawaacha watoto chuoni. Na mzee aliyeandika barua zake kwa Kiarabu akahesabiwa hajui kusoma. Mimi hesabu hiyo siikubali. Akiwapo darasani, mwalimu amwombe aandike jina lake ubaoni kwa herufi zote mbili.